NI NANI ATAKAYECHORA RAMANI YA MAFURIKO?



Katika mikutano ya matawi ya Mombasa, Kwale na Kilifi swali moja limeulizwa mara kwa mara, na yatupasa kulijibu humu katika taarifa yetu ili kila mmoja azijue fikira za chama. Watu wanakuja mitaani kwetu na karatasi na simu, wataka kuandika nyumba, visima, vyoo, njia na mitaro, na kuuliza maji ya mvua yalifika wapi na maji ya bahari yalifika wapi. Wengine wametumwa na kaunti, wengine na mashirika, wengine ni wanafunzi wa vyuo. Wasema wanatengeneza ramani ya kuonyesha mali iliyoko pwani na sehemu zitakazodhurika mafuriko yakija. Wanachama wauliza: tuwajibu, au tuwafungie mlango?

Kuna waliosema wafukuzwe. Kuna waliosema hiyo ni kazi ya Serikali, kazi ya chama ni mshahara. Sisi hatukubaliani na hawa wala na wale. Ramani itachorwa tukitaka tusitake. Jambo lililobaki ni kujua itachorwa na nani, ndani yake litaandikwa nini, na nakala itakaa kwa nani. Rai yetu ni kwamba tuichore sisi kwanza, mtaa kwa mtaa, na hao wenye simu wakija watukute tumekwisha hesabu.

Kwanza tuwatendee haki wale wanaoogopa, maana hofu yao si ujinga. Watu wa pwani wamekwisha kuumwa na karatasi. Mwaka 1908 serikali ya kikoloni ilitoa Sheria ya Hati za Ardhi, ikasema kila mwenye dai la ardhi katika ukanda wa pwani alilete lipimwe na kuandikwa, na ardhi isiyodaiwa ikawa ya serikali. Aliyejua kusoma, aliyekuwa na wakili, aliyeijua njia ya ofisini, alipata hati. Aliyekuwa shambani kwake akipalilia mihogo kama babu yake hakupata habari, au alizipata asizifahamu, na baadaye akaambiwa kuwa yeye ni skwota juu ya kaburi la babake. Wajukuu wake wangali wakiitwa hivyo mpaka leo.

Wala si lazima turudi nyuma mpaka huko. Baada ya mvua za masika za 2024, Serikali iliamuru watu waliokaa kando ya mito ya Nairobi waondoke, mita 30 kutoka ukingoni, na matingatinga yakaingia Mathare na Mukuru. Kila familia iliyoondolewa iliahidiwa shilingi 10,000. Mpangaji ye yote anajua 10,000 ni kitu gani: kodi ya miezi michache ya chumba cha mabati, basi. Kwa hiyo mama wa kandokando ya hori la Tudor akimwona kijana anasimama mlangoni pake na kutia alama nyekundu kwenye simu, ana haki ya kujiuliza kama alama ya hatari leo haitakuwa alama ya kubomolewa kesho.

Hata hivyo tuitazame habari ya 1908 vizuri. Ni nani waliopoteza? Si walioandikwa, bali wasioandikwa. Ubaya haukuwa katika kalamu, ulikuwa katika mkono ulioishika. Leo tukifunga mlango, kijana yule hatarudi kwao na karatasi tupu. Atachora kwa picha iliyopigwa kutoka angani, na picha ya angani huonyesha mapaa. Haionyeshi ni watu wangapi wamelala chini ya paa, wala ni nani aliye mgonjwa, wala ni nani anayelala mchana kwa sababu ametoka zamu ya usiku.

Na hapa ndipo tunapotaka kila mwanachama atege sikio, maana jambo hili wenye ofisi za Nairobi hawalifahamu, na hata wa Mombasa wengine wanajifanya hawalijui. Mombasa tuna desturi ya nyumba bila ardhi. Mtu mmoja ana ardhi, pengine haishi hapa, pengine mtaa haujapata kumwona. Mtu wa pili amejenga nyumba juu ya ardhi hiyo, analipa kodi ya kiwanja. Mtu wa tatu amepanga chumba ndani ya nyumba hiyo. Ile nyumba yetu ya Kiswahili ya vyumba sita, na ujia katikati, na uani nyuma, mara nyingi ina familia sita. Sasa ukienda katika ofisi ya ardhi kuuliza mali iliyo kwenye kiwanja hicho ni ya nani, utaonyeshwa jina moja tu, la yule wa kwanza.

Maji yakiingia, hesabu yageuka. Mwenye ardhi hapotezi kitu, ardhi itakauka. Mwenye nyumba atapoteza ukuta, khasa ukiwa wa udongo na miti, au wa matofali yaliyofyatuliwa kwa saruji haba. Mpangaji atapoteza kila alicho nacho tangu saa ya kwanza: godoro, unga, jiko, sare ya kazi, daftari za watoto, cherehani ya mkewe, friza ya kuwekea samaki, na vile vyeti alivyoviweka chini ya godoro. Katika chama tunavijua sana vyeti hivi. Mtu amefanya kazi miaka 19, barua ya kuajiriwa imelowa na kuoza, tajiri amebadilisha jina la kampuni mara mbili, na siku ya kudai haki yake ya kustaafu hana hata karatasi moja ya kuonyesha. Hayo nayo ni madhara ya mafuriko, ijapokuwa hayamo katika fomu yo yote tuliyoonyeshwa.

Basi ramani ikichorwa kwa kufuata hati, msaada utafuata hati, na fidia itafuata hati, na ukuta wa kuzuia maji utajengwa mbele ya kiwanja cha mwenye hati. Ndiyo sababu twasema mali iandikwe kwa tabaka zote tatu, mwenye ardhi, mwenye nyumba na mpangaji, na vyombo vya kazi viandikwe kwa majina yake. Mkokoteni wa muuza maji ni mali. Tanuri ya muoka mikate ni mali. Pikipiki ya boda ni mali, na mara nyingi ina deni juu yake, kwa hiyo ikizama mtu hupoteza pikipiki na kubaki na deni. Kadhalika ziko mali zetu sote ambazo hazina mwenyewe hata mmoja: kisima cha msikitini, diko la wavuvi, zahanati, shule ambayo watu hukimbilia, na ile njia ya mkato ya kwenda kazini ambayo ikijaa maji watu 300 huchelewa.

Tunasema haya kwa sababu wataalamu nao wamefanya hesabu zao, na hesabu zao kwetu hazitoshi. Mwaka 2008 ulichapishwa utafiti juu ya Mombasa uliosema kwamba bahari ikipanda kwa mita 0.3 tu, karibu asilimia 17 ya eneo la mji, yaani hekta 4,600 hivi, yaweza kufunikwa na maji. Habari hiyo imerudiwa katika magazeti na katika hotuba kwa miaka mingi. Hatuna ugomvi na waandishi wake, waliamsha watu waliolala. Lakini hakuna mtu akaaye katika asilimia 17. Watu wanakaa Moroto, wanakaa Mikindani, wanakaa Jomvu Kuu. Sehemu kubwa ya kisiwa imesimama juu ya mwamba wa matumbawe, na baharia akipita nje ya Fort Jesus anauona ule mwamba kwa macho yake. Maji hayaingii mjini kama jeshi kupitia lango la mbele. Yanaingia kwa mlango wa nyuma, kwenye mahori ya Tudor na Port Reitz, kwenye mabonde, kwenye mitaro iliyozibwa, mahali ambapo kodi ni rahisi. Na kodi ni rahisi kwa sababu hiyo hiyo.

Bahari yenyewe inapanda, hilo halina ubishi tena. Wataalamu wa dunia nzima wamekubaliana kwamba maji ya bahari yamepanda kwa sentimita 20 hivi kati ya 1901 na 2018, na siku hizi mwendo umeongezeka, milimita 3 na zaidi kila mwaka. Mtu atasema milimita 3 ni unene wa kamba nyembamba. Kweli. Lakini kazi ya mtaro ni kuteremsha maji, na mtaro ambao mdomo wake uko karibu na usawa wa maji ya bamvua hauna nafasi ya kuchezea.

Tufafanue jambo hili kidogo, maana ndilo kiini cha mafuriko ya Mombasa. Hapa Kilindini maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili katika siku moja, na wakati wa bamvua tofauti ya kujaa na kupwa hupita mita 3. Mvua kubwa ikinyesha wakati wa maji kupwa, mitaro humwaga horini na barabara hukauka kwa saa chache. Mvua ile ile ikinyesha wakati bamvua imejaa, mdomo wa mtaro umo chini ya maji ya bahari, basi maji ya mvua hayana pa kwenda, yanarudi mitaani na kuingia vyumbani pamoja na takataka na maji ya vyoo. Mvua ni moja, mtaa ni ule ule, tofauti ni saa tu.

Na saa yenyewe ni ipi? Mabaharia na wavuvi wetu wanaijua bila kitabu: bamvua ya hapa hujaa karibu na saa 10 au saa 11, alfajiri na jioni. Ndiyo saa ya kuamka kwenda kazini na ndiyo saa ya kutoka kazini. Nayo hupwa karibu na saa 4 au saa 5 asubuhi, na hiyo ndiyo saa ambayo mpimaji wa ofisi, amekwisha kunywa chai, huwasili mtaani. Anakuta tope kavu na watoto wanacheza mpira kando ya mikoko. Anaandika kwamba hali ni shwari. Hatumlaumu kwa kunywa chai. Twasema tu kwamba ramani ya saa 4 asubuhi si ramani ya mfanya kazi.

Kabla hatujapita, tuseme neno juu ya hiyo mikoko. Baadhi ya wanachama waliposikia habari ya mali waliuliza mikoko inahusu nini, kwa kuwa si yao. Yawahusu. Mkoko huvunja nguvu ya mawimbi na kushika tope lisijaze mdomo wa mto. Mikoko mingi ya hori la Mwache ilikufa baada ya mvua za El Niño za 1997 na 1998, maana mchanga na tope vilivyoletwa na mafuriko viliizika mizizi yake, na katika hori la Tudor shoka na uchafu wa mji vimefanya kazi ya namna hiyo bila El Niño. Wenzetu wa Gazi na Makongeni huko Kwale, katika mradi wao wa Mikoko Pamoja, waliiandika mikoko yao kuwa mali, hekta 117, na tangu 2013 wamepata fedha kwa kuitunza, wakazitumia kwa maji na shule. Mti ule ule uliokuwa kuni umekuwa kitu cha kuhesabiwa kwa sababu mtu aliuhesabu.

Wako watakaosema kwamba kazi ya ramani ni ya watu waliosoma chuo. Wenzetu wa Dar es Salaam wamekwisha kuijaribu, nasi twaweza kujifunza kwao. Mwezi wa Desemba 2011 mji ule ulipigwa na mafuriko makubwa, bonde la Msimbazi likajaa, watu kwa makumi wakafa. Serikali ya Tanzania ikawapeleka waliookolewa Mabwepande, mbali na mji, ikawapa viwanja. Wengi walirudi mjini, kwa kuwa kiwanja bila kazi hakiliki. Kuanzia 2015 ukafanywa mpango ulioitwa Ramani Huria. Wanafunzi wa vyuo walitembea na wenyeji wa mitaa, Tandale ikiwemo, wakaandika nyumba na njia, wakapima mitaro, na muhimu zaidi wakawauliza wenyeji: hapa maji yalifika wapi, gotini au kifuani? Mtu aliyeokoa watoto wake usiku hana haja ya digrii kulijibu swali hilo. Majibu yakatiwa ramanini, na ramani zikachapwa karatasi kubwa.

Hatusemi kwamba ramani ilizuia mvua. Aprili 2018 Dar es Salaam ilifurika tena. Karatasi haizibui mtaro. Lakini afisa hawezi tena kusema kwamba mtaro haupo, na mwenyekiti wa mtaa anajua ni nyumba zipi za kubisha hodi kwanza. Jambo moja tu katika mpango ule latutia wasiwasi: ramani ya namna ile iko wazi kwa dunia nzima. Iliyo wazi kwetu iko wazi pia kwa mnunuzi wa viwanja anayetafuta mahali pa bei ya chini penye watu wanyonge. Kwa hiyo tutenganishe. Mitaro, njia, visima, shule na alama za maji viwe wazi kwa kila mtu. Majina ya wapangaji, ya wagonjwa, ya wazee wasioweza kutembea, na ya watoto wanaobaki peke yao wazazi wakiwa kazini, yakae katika daftari la mtaa mikononi mwa watu waliochaguliwa na mtaa. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inampa kila mtu haki ya kuambiwa habari zake zinachukuliwa kwa kazi gani. Mwenye simu akija, aulizwe hivyo kwanza. Asipoweza kujibu, apewe maji ya kunywa na kwaheri.

Tena sisi si watu wasio na ujuzi. Nani anayejua usawa wa ardhi kuliko mwashi? Anachukua mpira mwembamba unaoonyesha maji ndani yake, anashika ncha moja, mwenzake anashika ya pili, na kwa chombo hicho cha shilingi chache anakwambia kizingiti cha nyumba hii kiko juu au chini ya mtaro kwa sentimita ngapi. Nani anayejua mtaro uliozibwa kuliko mfagiaji wa kaunti aliyeuzibua kwa mikono yake? Nani anayejua yadi ipi ya makontena inamwaga maji yake mitaani kwa watu kuliko makuli wa yadi hiyo? Wanachama wetu wa mashamba ya chumvi kule Magarini wanajua kila tuta la udongo na maji yanaelekea wapi linapojengwa. Wa hoteli za Diani na Nyali wanajua kwamba hoteli ikijenga ukuta wa kuzuia mawimbi, mchanga wa jirani ndio unaoliwa. Na manesi wanajua ni mtaa upi unaoleta kuhara wiki moja baada ya mvua. Ujuzi wote huu umo ndani ya chama, umelala, kwa sababu hakuna aliyeuliza.

Sasa twaja kwa wale waliosema kwamba kazi ya chama ni mshahara. Ndugu hao wasome hapa. Novemba 2023 barabara na mitaa ya Mombasa ilijaa maji, na mfanya kazi aliyeshindwa kuvuka alihesabiwa kuwa mtoro. Matawi yalipokwenda kwa matajiri kudai siku hizo, jawabu lilikuwa moja: leteni ushahidi. Ushahidi gani? Meneja anakaa juu mlimani, gari lake refu, yeye alifika kazini. Kama tungekuwa na ramani yenye alama ya maji, njia iliyokatika na nyumba za wanachama wetu, mazungumzo yangechukua nusu saa. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inamtaka mwenye mahali pa kazi apime hatari za mahali pale. Na mfanya kazi akiona hatari kubwa iliyo karibu na kuiripoti kwa msimamizi wake, hatakiwi kurudishwa mahali pale mpaka hatari iondolewe. Ni tajiri yupi wa bohari za chini aliyepima maji yatakavyoingia penye swichi za umeme? Tumdai hesabu yake, na sisi tuje na yetu. Twataka pia mkataba wa pamoja ujao utaje siku za mafuriko kwa jina, kwamba mfanya kazi anayekaa sehemu iliyotiwa alama hakatwi mshahara siku ambayo njia imefunga.

Hili la makazi si jambo geni katika vyama vya wafanya kazi. Mombasa ilipogoma mwaka 1939, na tena ilipogoma mji mzima Januari 1947, manung'uniko ya nyumba na kodi yalikuwa mbele pamoja na manung'uniko ya mshahara. Wazee wale walifahamu kwamba mahali anapolala mfanya kazi ni sehemu ya ujira wake.

Kwa kaunti tuna maneno machache. Sheria ya Mabadiliko ya Tabianchi ya mwaka 2016 inazitaka kaunti zitie jambo hili katika mipango yao, na katika wadi nyingi kamati zimekwisha kuundwa za kupima hatari na kuchagua kazi za kufanywa. Wanachama wamo wadini, waingie katika kamati hizo, wasiwaachie wafanya biashara wa kokoto peke yao. Na ramani zilizokwisha kutengenezwa kwa fedha za umma zisifungiwe kabatini. Sheria ya Kupata Habari ya mwaka 2016 inasema ofisi ya umma ikiombwa habari ijibu ndani ya siku 21. Katibu wa kila tawi aandike barua, aombe ramani ya wadi yake, na ahesabu siku. Tumechoka na semina za mafuriko zinazofanywa katika ukumbi wa hoteli wenye baridi, ambapo mtu wa mtaani hualikwa kuja kupigwa picha na kupewa chupa ya maji.

Ndugu zetu wa Tana River wasidhani tumewasahau. Shida yao ni ya namna nyingine. Maji yao yanatoka mbali, na mabwawa ya juu, Masinga na menzake, yakijaa na kumwaga, yanachukua siku kadhaa kufika Garissa, Hola na Garsen. Tangazo hutolewa redioni kwamba wakaao kingoni wahame. Wahamie wapi, na kwa njia ipi? Tangazo halitaji kijiji, wala ghala, wala mtumbwi ni wa nani. Siku zile za kungoja maji zingekuwa na faida kubwa kama kila kijiji kingekuwa kimeandika kilima chake, mitumbwi yake, na mahali pa kupeleka ng'ombe bila kukanyaga mashamba ya mpunga, jambo ambalo limeleta ugomvi mwingi baina ya mkulima na mfugaji. Na Vanga nao, kule mpakani, hupigwa pande mbili, Mto Umba utokao Usambara kwa nyuma na bahari kwa mbele. Tawi la Kwale limekubali kuanza huko.

Basi kazi yenyewe itakuwa hivi. Kila tawi la pwani litachagua watu sita, na wasiwe wote wanaume, maana mwenye kuteka maji ndiye ajuaye kisima kipi huingia chumvi. Awemo mwashi mmoja, mpangaji asiyepungua mmoja, na mzee aliyekuwepo mwaka 1997. Watatembea mtaa mzima wakati bamvua imejaa. Penye ukuta wenye alama ya maji ya zamani, wataipima kutoka chini na kuandika mwaka: 1997, 2017, 2023, kama wenyeji wanavyokumbuka, na watu wawili wasiopungua wakubaliane. Wataandika midomo ya mitaro na saa inapofunikwa. Vyumba vitahesabiwa, si mapaa. Nakala tatu: moja ya mtaa, moja ya tawi, moja ya ofisi kuu ya chama. Kaunti au shirika likitaka nakala, litapewa ile isiyo na majina, na litatia sahihi katika daftari kwamba limeipokea na kueleza litaitumia kwa kazi gani.

Wakati huo huo kila mwanachama na alete vyeti vyake vya kazi tawini vipigwe picha, bila malipo, na vilivyokwisha kulowa viletwe pia, tutajaribu kuvisoma.

Daftari na penseli ziko kwa makatibu. Mpira wa kupimia hatuna wa kutosha, kwa hiyo waashi waje na wao. Tutaanza bamvua ya kwanza baada ya taarifa hii kutoka. Tukutane penye mdomo wa mtaro mkubwa wa kila mtaa saa 10 jioni, na wa zamu ya usiku waje ile ya alfajiri.